Siku Besi Ilipoishusha Plafon ya Wamama

Aibu yangu naijua, hakuna haja ya mtu kunikumbusha. Kila nikishuka soko la Mulongwe kununua ndagala, kuna mama mmoja muuza nyanya ambaye akiniona tu anachukua sinia yake na kujifunika nayo kichwani, halafu wenzake wote wanaangua kicheko mpaka wanashikana mabega, na mimi napita nikijifanya natafuta kitu mfukoni. Ndiyo, ni mimi niliyekuwa kwenye meza ya sauti siku ile plafon mpya ya kanisa, yaani dari, ilipowashukia waumini. Ndiyo, ni mimi niliyesema yale maneno kwenye mikro (tutayafikia, msinisukume). Lakini nimechoka. Nimechoka kabisa kuwa mimi peke yangu mwenye kosa katika jambo lililopikwa na watu chungu nzima, na leo nitalisema lote, kisha nyinyi wenyewe mniambie kama nilitendewa haki.

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu wa kufungua vifungo vya sauti ovyo. Jina langu ni Jeremi, lakini mtaa mzima wa Songo wananiita Enjeniyeri, na kabla ya siku ile waliniita hivyo kwa heshima. Kwetu huku mtu akipata bafle kubwa, yaani spika, anafikiri amekwisha kupata sauti nzuri. Anafungua kila kitu mpaka mwisho, mpiga gita anajiongeza ili asifunikwe na ngoma, mpiga ngoma anatwanga zaidi ili asifunikwe na gita, mwimbaji anapasua koo ili asifunikwe na wote wawili, na besi inabaki inanguruma chini yao kama lori lililokwama matopeni, halafu watu wanasema besi ni mbaya. Besi si mbaya! Besi ndiyo inayomwinua mtu kwenye benchi kabla hajaamua kuinuka. Ila besi inataka nafasi yake, na nafasi hiyo haipatikani mpaka wengine wote wakubali kupungua.

Sisi tulikubali kupungua. Kundi letu la muziki wa kanisa tulifanya mazoezi Songo, nyumbani kwa mpiga ngoma, mpaka majirani wakajua nyimbo zote kuliko kwaya. Gita nililishusha mpaka mpigaji wake akanuna na kukataa kula na sisi. Ngoma moja tuliifunga kitambaa. Kwenye mikro zote za waimbaji nilikata sauti za chini, maana mwimbaji hana kazi nazo, mikro inaziokota tu bure kutoka kwa ngoma na besi na kuzirudisha zikiwa matope. Bafle zetu mbili za besi (tuliziunda wenyewe, mbao tulipasua wenyewe, vidole vyangu vina alama mpaka leo), ambazo kila mtu alitaka zikae moja huku na moja kule zipendeze kama nguzo za lango, mimi nilizipanga pamoja, ubavu kwa ubavu, mbali na kona, kwa sababu besi ukiisukuma kwenye kona inavimba. Na mashine ya kuzisukuma sikuipandisha hata nusu. Hiyo ndiyo siri ambayo watu hawataki kuisikia: mashine iwe na nguvu nyingi ambazo huzitumii, ili besi inapopigwa itoke nzito na safi, isitoke inakohoa. Akiba ile ya nguvu niliilinda kama mtu anavyolinda mbegu.

Na tulikuwa na sababu ya kujitahidi hivyo. Mkubwa wa wazee wa kanisa letu, Papa Byamungu, mzee mwenye suti moja nyeupe na maneno machache, alikuwa ametuchoka. Alituita tukasimama mbele yake kama wanafunzi waliochelewa, akasema:

"Hii besi yenu iko inanipiga mu tumbo. Minye nakuja kusikia neno ya Mungu, siyo kupigwa. Siku ya shukrani ya plafon mutapiga. Kama nimesikia maneno ya wimbo toka mwanzo mpaka mwisho, mutabakia na bafle zenu. Kama sikusikia, besi itoke, Espoir abakie na sinte yake peke yake."

Espoir ndiye mpiga kinanda cha umeme wetu, ile sinte ambayo ukibonyeza kitufe kimoja inapiga ngoma na kila kitu, kijana mpole ambaye mimi ndiye niliyemfundisha meza ya sauti. Wazo la kubaki peke yake lilimtia hofu. Lakini aliyeumia kweli ni Bahati, mpiga besi. Bahati anabeba magunia bandarini Kalundu juma zima, kule wanamwita kwa kupigiwa mluzi, na ukimwona Jumapili ameshika lile gita la nyuzi nne unadhani ni mtu mwingine. Tulipofika daraja la Mulongwe tukitoka kwa Papa Byamungu, akaniambia, "Enjeniyeri, minye bila ile besi sijue nitakuwa nani pale kanisani." Nilimwahidi. Nilimshika mkono na kumwahidi kwamba mzee atasikia kila neno.

Sasa tuje kwenye hiyo plafon. Kanisa letu limeezekwa bati, na mvua ikianza hakuna mhubiri anayesikika, kwa hiyo Umoja wa Wamama wakaamua kuweka plafon ya mbao nyembamba za tripleksi. Waliuza maandazi, waliuza mawese, waliimba kwenye mazishi na arusi, na plafon ikapanda, nyeupe, nzuri, sikatai. Fundi aliyeipigilia alikuwa kaka yake Mama Nabintu wa kanisani kwetu (naye tutamfikia), na huyo fundi anajulikana toka Songo mpaka Kavimvira kwa jambo moja: misumari kwake ni kama dhahabu, anaitoa mfukoni kwa uchungu. Halafu kati ya ile plafon na bati walikuwamo popo. Wamekaa humo toka mimi sijaota meno. Je, kuna aliyewafukuza? Je, kuna aliyepanda na ufagio? Hakuna! Walifunika tu. Uchafu wa miaka yote ile, uliokuwa umejaa juu ya boriti za paa, ukaangukia na kulala juu ya mbao zilizoshikwa na misumari ya kuhesabu, na watu wakakaa chini yake wakisema aleluya.

Jumamosi, siku moja kabla ya shukrani, tulienda kupanga vyombo. Meza ya sauti niliiweka katikati ya kanisa, kwenye ile njia kati ya mabenchi, kwa sababu anayetengeneza sauti lazima asikie kile kile wanachosikia watu. Nilizunguka kila pembe wakati wenzangu wanapiga, nikakaa mabenchi ya wamama, nikakaa ya vijana, nikasimama mlangoni, nikarudi kupunguza hapa na kuongeza kidogo pale. Papa Byamungu alikuja bila kuitwa, akaketi kwenye benchi la wazee mbele kabisa, fimbo kati ya magoti. Bahati alipoingia na ule mstari wake wa chini, mzito, wa taratibu, niliuangalia mguu wa mzee. Kiatu kilikuwa kinapiga sakafu! Mimi na Bahati tulitazamana na kugeuza nyuso haraka tusije tukacheka. Alipoondoka alisema neno moja tu, "Nasikia," na usiku huo nililala kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Jumapili nikafika mapema, nikakuta Mama Nabintu amesimama mbele ya meza yangu.

Huyu Mama Nabintu ndiye mkubwa wa protokole, yaani wale wanaopanga watu kanisani, nani akae wapi, nani apite lini, nani aamshwe akisinzia. Amevaa utepe mwekundu begani, na akiuvaa ule utepe hata mchungaji anatembea kwa adabu. Ni rika la mama yangu mzazi, na walikuwa wanalima pamoja bondeni.

"Jeremi mwanangu," akasema, "hii meza iko mu njia."

"Mama, inapashwa kukaa hapa. Nikitoka hapa sitasikia vile watu wako wanasikia."

"Na wamama watapita wapi na matoleo? Watacheza juu ya kamba zako? Tuko na wageni toka Bukavu leo. Waingie, waone nini? Garage?" Akanionyesha kwa kidole kile chumba kidogo cha wazee, pembeni ya madhabahu. "Ule chumba iko na dirisha. Utaona kila kitu."

"Mama, kuona siyo kusikia."

"Eh! Weye Jeremi, uko unanijibu?"

Watu wa protokole wote wakageuka. Mtunza maua akageuka. Nikamfikiria mama yangu akisikia jioni kwamba nimebishana na Mama Nabintu mbele ya kanisa. Basi nikasema, "Sawa, mama." Jambo zima liko hapo. Sikuiba, sikulewa, sikutukana mtu. Nilisema sawa mama, kwa sababu nililelewa vizuri, na malezi mazuri ndiyo yaliyoniponza. Watu husema heshima si utumwa. Waje waniulize mimi.

Tukahamisha meza. Kile chumba "dirisha" lake ni yale matofali ya matundu matundu ya kupitishia hewa, kwa hiyo niliweza kuona wamama kutoka mabegani kwenda juu, na nusu ya Bahati, na ukuta. Plafon sikuiona hata kipande. Mlango ulifungukia madhabahuni, kando ya viti vya wageni, na ibada ilipoanza mtu wa protokole akasimama mbele yake, kwa hiyo kutoka kwenda kuzunguka na kusikiliza haikuwezekana tena, labda nipite mbele ya wageni wa Bukavu nimeinama kama mwizi wa kuku.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa polepole, sauti na sinte tu, ukapita salama. Wa pili Bahati akaingia. Mimi nikasikia gita. Nikasikia waimbaji. Besi? Hakuna! Namwona Bahati anavuta nyuzi, naona mshipa wa shingo umemsimama, lakini besi yenyewe imekufa kabisa. Mtu aliyekulia kando ya ziwa ataelewa: wimbi linakwenda, linagonga ukuta wa mawe, linarudi, na pale linapokutana na mwenzake kuna mahali maji yanaruka na kuna mahali yanatulia kama mafuta. Sauti nzito za chini zinafanya hivyo hivyo ndani ya kuta, na mimi nilikuwa nimewekwa pale pale maji yanapotulia. Jambo hilo nalijua vizuri. Nilikuwa nalijua hata siku ile. Lakini mtu anaweza kujua jambo na bado masikio yake yakamshinda, na mimi masikio yangu yalikuwa yananiambia Bahati hasikiki.

Nikawaza: Papa Byamungu atasema, mumeona, hata bila besi inawezekana. Nikawaza uso wa Bahati pale darajani. Nikaongeza kidogo.

Hakuna kitu. Nikaongeza tena.

Ndipo wamama wakaanza wimbo wao wa kuleta matoleo, ule wenye sebene ndefu, pale maneno yanakwisha na gita na besi zinabaki zinakimbizana na watu wote wanacheza. Nikatazama kwenye matundu. Nikaona nini? Vitambaa vyeupe! Vitambaa vya mkononi vinapepea mabenchi yote ya wamama, na nyinyi mnajua, mama wa kwetu akitoa kitambaa na kukipunga juu ni kwamba furaha imemfika kooni. (Baadaye ndiyo nilielezwa kwamba walikuwa wanapunga vumbi lisiwaingie machoni. Mimi ningejuaje? Niliwekwa chumbani!) Nikamtazama Bahati, naye akainua kidole, akaonyesha juu, akaonyesha juu tena, macho yamemtoka. Mpiga muziki yeyote akimwonyesha mtu wa sauti kidole juu, anaomba aongezwe. Hiyo ndiyo lugha yetu. Nikamwongeza.

Sasa nikaanza kusikia watu. "Yesu!" "Yesu wangu!" "Uwii, Bwana!" Jamani, mimi nimekulia katika kanisa lile, sijawahi kusikia watu wanaliita jina la Bwana kwa nguvu namna ile. Moyo wangu ulijaa. Nikasema leo tumeshinda, leo hata wageni wa Bukavu wataenda kuhadithia. Ile akiba yote ya nguvu niliyoilinda toka Songo nikaitoa. Nilizungusha kifungo mpaka kikagota, sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyangu, na mimi nikaona ni Roho.

Pale mezani ninakuwa na mikro yangu ndogo ya kusemeza wapigaji wakati wa mazoezi. Siku ya ibada haiguswi. Nikaigusa. Nikaifungua kwenye bafle zote, na kwa sauti yangu hii mnayoisikia nikawaambia:

"Wapendwa, pokeeni! Pokeeni! Inashuka toka juu! Na bado, na bado!"

Mlango ukafunguka kwa teke. Alikuwa Mama Nabintu, lakini sikumtambua, maana alikuwa wa kijivu kuanzia kilemba mpaka kwenye vidole, na ule utepe haukuwa mwekundu tena.

"Zima!" akalia. "Jeremi, zima hii kitu! Watu wako wanakufa na mavi ya popo, weye uko unasema na bado?"

Nikazima. Nikatoka nje ya kile chumba, mikro bado mkononi, nikaona.

Mbao za plafon zilikuwa zimeachia upande mmoja, zinaning'inia juu ya benchi la wazee na mabenchi ya wamama, na kila palipoachia palikuwa pamemwagika uchafu mkavu wa miaka yote ile juu ya vitenge vipya vya sare, juu ya vikapu vya matoleo, juu ya wageni wa Bukavu. Popo walikuwa wanazunguka mchana kweupe, wanagonga madirisha, wanagonga watu. Kwaya imeingia chini ya mabenchi. Protokole, kwa kuwa walifundishwa utaratibu, walikuwa wamesimama mlangoni wanawapanga watu kwenye mstari wa kutokea, na watu wanawapita juu. Na katikati ya haya yote Papa Byamungu amekaa pale pale, hajainuka, fimbo kati ya magoti, suti nyeupe imekuwa kama ya fundi wa saruji, na juu ya kichwa chake mbao moja inacheza kwa msumari mmoja.

Nikaona angalau nimsaidie mzee. Nikamkimbilia, na kwa haraka nikauachia mlango nyuma yangu, na upepo ukaupiga: paa! Msumari ule ukachoka. Mbao ikashuka, haikumgusa (namshukuru Mungu mpaka leo), ilitua miguuni kwake, lakini uchafu uliokuwa umelala juu ya mbao ulimpata wote. Wingu lilipotulia nilikuwa nimesimama mbele yake na mikro mkononi, na kanisa lote, wale waliokuwa nje na wale waliokuwa chini ya mabenchi, walikuwa wanaangalia mimi tu. Nilitamani ardhi inimeze. Ardhi haikunimeza. Hata popo hawakunigusa, nilikuwa msafi mtu mzima, mtu pekee msafi katika kanisa lile, na nafikiri hicho ndicho kiliwaudhi watu kuliko vyote.

Basi wazee wakaita kikao. Mimi nilienda nikiwa nimejiandaa. Nilisema nimeumia, naomba msamaha kwa maneno yangu ya mikro, lakini tuulizane kama watu wazima: nani aliwaacha popo juu? Nani alipigilia mbao kwa misumari ya huruma? Nani alihamisha meza ya sauti kutoka mahali pake? Nilisema kwa sauti, nikaketi.

Fundi akasimama. "Plafon ilikuwa imetulia," akasema, "mpaka besi ilikuja." Akaketi. Watu wakatikisa vichwa kama amesoma Maandiko.

Mama Nabintu alikuwa anaangalia mikono yake. Nilimngoja aseme hata neno moja, kwamba ndiyo, ni mimi nilimwambia ahame. Hakusema. Ndipo Bahati akainuka nyuma kabisa, na nguo zake za bandarini, akasema, "Papa, kama iko kosa ya besi, munifukuze minye. Jeremi alinisikilia huruma." Nilitaka kulia.

Papa Byamungu alisafisha koo. Alisema hivi, na nayakumbuka maneno yake yote:

"Jumamosi minye nilikaa hapa nikasikia. Besi ilikuwa tamu, maneno yote nilisikia, toka mwanzo mpaka mwisho. Jumapili, besi ni ile ile, bafle ni zile zile, ikakuwa vita. Kwa hiyo kosa haiko ya besi. Kosa iko ya muntu mwenye alikuwa ku meza. Besi ibakie. Bahati abakie. Jeremi aache meza, Espoir ataishika."

Mmesikia? Kazi yangu ya Jumamosi, ile niliyoitengeneza kwa kuzunguka kila benchi, ndiyo iliyotumika kunihukumu! Kama ningekuwa fundi mbaya toka mwanzo, wangeilaumu besi, na mimi ningetoka salama. Na yule fundi wa misumari aliitwa tena, yeye na nyundo yake, apigilie upya, na wamama wakampikia kuku.

Jumapili zilizofuata nilikaa na watu wengine kwenye benchi, mikono mapajani, kama mgeni. Naomba niseme ukweli, ingawa unanichoma: muziki ulikuwa mzuri. Meza ya sauti iko katikati ya kanisa, wameiwekea kiti na kitambaa cha mezani, na wamama wakija na matoleo wanaizunguka bila taabu yoyote, kumbe njia ilikuwepo. Bafle ziko ubavu kwa ubavu, mashine iko chini ya nusu, kila kitu kama nilivyokiacha, Espoir hakugusa kitu, ni mtoto mwenye akili. Bahati aliingia na ule mstari wake wa chini, na besi ikaja chini ya benchi langu, ikapanda mgongoni taratibu, safi, na kila neno la wimbo likapita juu yake bila kujikwaa. Nilifurahi kwa ajili yake mpaka machozi yakanilenga, na wakati huo huo nilikuwa na hasira ya kuvunja benchi.

Mama Nabintu alikuwa anapita kupanga watu. Akaniona, akainama sikioni, akaniambia kwa upole kabisa, kama mzazi:

"Unasikia, mwanangu? Ile kitu ilitakaka tu mwenye kusikiliza akae pamoja na watu. Sasa weye siku ile ulienda kujifungia mu chumba ya wazee juu ya nini?"

Ibada ilikuwa inaendelea, na pembeni yangu mtu alikuwa ameanza kusema aleluya.

Tangu hapo nimeapa, na mke wangu ni shahidi. Nikiitwa kupigisha muziki, iwe arusi, iwe kanisa, iwe sherehe ya kupokea diploma, kiti changu nakitia katikati ya watu kabla hata ya kufungua kamba, na ninakaa. Anayetaka nihame hatanisikia nikijibu lolote, la heshima wala la matusi. Atanibeba na kiti.